Mji wa Kale: Historia Iliyo Ndani ya Kuta za Mombasa, na Jinsi ya Kuitunza

Wakazi wengi wa Mji wa Kale wanalijua tatizo hili. Ukuta wa nyumba ya familia unapigwa plasta mpya, unapakwa rangi, na unapendeza kwa msimu mmoja. Mvua za masika zikishapita, plasta inavimba, inabambuka na kuanguka vipande vipande. Fundi anaitwa tena, anaongeza saruji, na mwaka unaofuata hali ni ile ile. Mwenye nyumba humlaumu fundi, au hulaumu chumvi ya bahari.

Mara nyingi lawama zingefaa kwenda kwa saruji yenyewe. Ukuta huo ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi walioielewa vyema hewa ya kisiwa hiki, miaka mingi kabla ya saruji kufika Mombasa. Anayetaka kuutengeneza sawasawa hana budi kujua ulijengwaje, na waliouweka walikuwa akina nani. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi Mji wa Kale ulivyokuja kuwa, kumbukumbu zilizomo ndani yake, na mambo ambayo mkazi anapaswa kufanya kabla ya kugusa jiwe hata moja.

Kabla ya Ngome

Wageni wengi hudhani kwamba historia ya mji huu inaanza na Fort Jesus. Wenyeji wanajua kwamba ngome ilikuta mji. Msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya ngome kuanza kujengwa. Aliukuta mji wa Waislamu wanaoshika dini yao, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na watu ambao chakula chao kilikuwa ndizi na samaki. Nafaka, aliandika, ililetwa kutoka bara kwa vyombo.

Mji huo wa mwanzo haukuwa mahali palipo Mji wa Kale wa leo hasa. Ulikuwa upande wa kaskazini zaidi wa kisiwa, karibu na ilipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambako wanaakiolojia waliochimba katika miaka ya 1970 walipata mabaki ya makazi ya karibu miaka 1,000 iliyopita. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa kale wa kisiwa, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake limebaki hadi leo. Eneo bunge la Mvita linabeba jina hilo, na lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa hapa huitwa Kimvita. Wapo wanaolihusisha jina hilo na vita, na ukiitazama historia ya kisiwa huwezi kuwalaumu.

Miaka ya vita

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Hakupokelewa vizuri, akaendelea na safari hadi Malindi. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno walirudi wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakaupora mji na kuuteketeza. Mji ulijengwa upya. Ulishambuliwa tena mwaka 1528, ukajengwa tena. Ulivamiwa tena mwaka 1589.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari, kwa ramani iliyochorwa na msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kazi kubwa ilikamilika mwaka 1596. Nje ya ngome kulikuwa na makazi ya Wareno, na barabara moja iliyopita katikati yake waliiita La Raposeira. Barabara hiyo bado ipo. Leo ni Ndia Kuu, na jina lenyewe ni ushahidi wa lahaja ya mji, kwa kuwa ‘ndia’ ni ‘njia’ katika Kimvita.

Ngome haikuleta amani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno na kubatizwa kwa jina la Jeronimo, aliasi na kuiteka. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na mzingiro huo ukadumu karibu miaka mitatu, hadi Disemba 1698. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwasaidia waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vilivyotolewa baharini vimehifadhiwa katika makavazi ya ngome.

Baada ya Wareno kuondoka, Mombasa ilikuja kutawaliwa na ukoo wa Mazrui kwa karibu karne nzima. Mwaka 1824 Nahodha Owen wa meli ya Kiingereza, Leven, aliitikia ombi la Mamazrui la kupewa ulinzi wa Uingereza dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Ulinzi huo ulidumu miaka miwili tu, lakini jina la meli lilibaki. Nyumba ya Leven iliyo ukingoni mwa bahari, pamoja na ngazi zinazoteremka hadi majini karibu nayo, zinakumbusha ujio huo. Mwaka 1837 Sayyid Said alifanikiwa kuitwaa Mombasa. Mamazrui walipoteza utawala, lakini makaburi yao ya kale bado yapo karibu na ngome. Profesa Ali Mazrui, msomi mashuhuri aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014, alizikwa huko kama alivyousia.

Watu waliokutana hapa

Wenyeji wa asili wa mji huu hujitambulisha kama Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Wamegawanyika katika makundi mawili: Tisa Taifa, ambao walikuwa upande wa Mvita, na Miji Mitatu ya Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kati ya Tisa Taifa wamo Wamvita wenyewe na wengine ambao majina yao yanaonyesha walikotoka kabla ya kuhamia kisiwani: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka. Orodha ya mataifa haya ni ramani ya pwani nzima. Miji ya kaskazini ilipodhoofika au kuvamiwa, watu wake walikuja Mombasa, wakapewa mahali pa kukaa na kuwa sehemu ya mji.

Wengine waliongezeka kadiri miaka ilivyopita. Wabaluchi walikuja wakiwa askari wa masultani wa Oman. Wahadhrami walikuja kutoka Yemen kufanya biashara, na wengi walianza kwa kazi ndogo ndogo kabla ya kufungua maduka. Mabohora walikuja kutoka Bara Hindi, na Wabadala, ambao ni mabaharia hodari wa Kutch, walikuja na vyombo vyao. Wamijikenda waliingia na kutoka mjini kila siku wakileta nafaka, pembe na gundi kutoka bara, na taifa za Waswahili zilikuwa na mapatano ya tangu zamani na makabila yao. Watu waliokuwa wameletwa kama watumwa nao walijenga mji huu kwa mikono yao, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya milango.

Ndiyo sababu mtu akitembea dakika chache tu hukutana na misikiti yenye sura tofauti. Msikiti wa Mandhry, ulio Ndia Kuu na mnara wake mweupe wenye kuchongoka, hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na ungali unaswaliwa hadi leo. Mbele kidogo kuna Msikiti wa Basheikh, ambao nao ni wa kale sana, na karibu na bahari umesimama msikiti mkubwa wa Mabohora. Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na Makadara ni mitaa iliyopakana, na kila mmoja una misikiti yake, madrasa zake na baraza zake za jioni.

Bandari ya Kale na misimu ya pepo

Kilichowaleta wote hawa ni maji yaliyo mbele ya mji. Kwa karne nyingi bandari ya Mombasa ilikuwa ile ambayo leo tunaiita Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi kati ya Disemba na Machi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Yalileta tende, chumvi, mazulia, masanduku na samaki waliokaushwa. Kusi ilipoanza kuvuma, kuanzia Aprili, yaliondoka na boriti za mikoko, pembe za ndovu, nafaka na ngozi.

Wazee waliokulia karibu na bandari hukumbuka kwamba msimu ulijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa macho. Harufu ya papa mkavu na mafuta ya vyombo ilitosha kuwaambia watoto kwamba wageni wamefika. Mabaharia walikaa miezi mjini wakingoja upepo ugeuke, wakitengeneza vyombo na kupaka sifa. Walikaa barazani na wenyeji wakinywa kahawa chungu kutoka kwenye mdila wa shaba, na baadhi yao walioa na hawakurudi kwao. Familia kadhaa za Mji wa Kale zinaweza kutaja babu aliyekuja na kaskazi akakosa kusi.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilifanya Mombasa kuwa makao yake, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala. Ngome iligeuzwa gereza. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896. Mahakama mpya ilijengwa karibu na ngome mwaka 1902, na Ndia Kuu ikawa barabara ya ofisi, hoteli na maduka. Kabla ya magari, matajiri na maofisa walipita mjini wakiwa wamekaa juu ya vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa kwa mikono na wafanyakazi. Marikiti, soko ambalo jina lake ni neno la Kiingereza lililotiwa matamshi ya Mombasa, lilijengwa mwaka 1914.

Lakini mabadiliko hayo hayo yaliuacha mji nyuma. Makao makuu ya utawala yalihamishiwa Nairobi mwaka 1905. Meli kubwa zilihitaji kina kirefu zaidi, na upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, gati za kwanza za meli kubwa zilikamilika mwaka 1926. Mwaka 1931 daraja la kuelea liliunganisha kisiwa na Nyali, na wenye uwezo wakaanza kujenga ng'ambo. Biashara ikahama, ofisi zikahama, na baadhi ya wenyeji wakahama. Mji ambao hapo awali uliitwa Mombasa tu, sasa ukaanza kuitwa Mji wa Kale.

Kulikuwa na faida moja katika hasara hiyo. Kwa kuwa fedha nyingi zilikwenda kwingine, nyumba hazikubomolewa kupisha maghorofa. Zilibaki zimesimama, watu wakiwa ndani.

Waliohifadhi maneno

Mawe peke yake hayasimulii. Mengi tunayojua kuhusu maisha ya Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19 tunayajua kupitia mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyeishi enzi za Mamazrui na kuziona siasa, njaa, biashara na mapenzi ya wakati wake. Muyaka hakuacha kitabu. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu, na zingepotea kama si juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa, aliyezikusanya kutoka kwa waliozihifadhi, akisaidiana na mmishonari Mwingereza, William Taylor. Mkusanyiko huo ulichapishwa mwaka 1940, karibu miaka mia moja baada ya Muyaka kufariki. Bila mzee mmoja aliyejali kuuliza na kuandika, leo tungekuwa na jina tu.

Mwingine ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Aliandika juu ya elimu ya watoto, wanawake, uvivu, matumizi mabaya ya fedha katika harusi, na ardhi iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Anayesoma hoja zake leo anaweza kudhani ziliandikwa wiki iliyopita.

Funzo hapa ni dogo na lina manufaa: kumbukumbu za mtaa huhifadhiwa na watu wa mtaa. Mgeni anaweza kuja kupiga picha ya mlango, lakini nani aliyeuchonga, nani aliyeolewa kupitia mlango huo, na kisima kilikuwa wapi, ni mambo yaliyo kwa nyanya na babu waliopo sasa.

Nyumba ya Mji wa Kale inavyofanya kazi

Tukirudi kwenye ukuta unaobambuka, jawabu lake liko katika jinsi nyumba hizi zilivyojengwa.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti moja haiwezi kubeba uzito ikiwa ndefu kupita kiasi, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, karibu mita mbili na nusu hadi tatu.

Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi. Hufyonza unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani. Chokaa nayo hupitisha hewa, kwa hiyo unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka na kukauka. Ukuta unapumua. Ukipigwa plasta ya saruji, njia hiyo inafungwa. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma nje hadi ianguke. Hilo ndilo jambo linaloonekana. Lisiloonekana ni hatari zaidi: ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta wenye unyevu huanza kuoza, na siku moja sakafu huanguka bila onyo.

Vivyo hivyo kuongeza ghorofa ya zege juu ya nyumba ya zamani ni kuzibebesha kuta mzigo ambao hazikujengewa. Na kwa kuwa nyumba nyingi zimeegemeana, na nyingine zinatumia ukuta mmoja, anayebomoa upande wake anaweza kuiangusha nyumba ya jirani.

Hata sura ya nyumba ina sababu. Vichochoro ni vyembamba ili kuta zipeane kivuli, na vinaelekezwa ili upepo wa baharini upite. Roshani za mbao zilizochongwa, nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ziliwawezesha walio ndani kupata hewa na kutazama njia bila kuonekana. Baraza, yale madawati ya mawe nje ya mlango, yalimruhusu mwenye nyumba kumkaribisha mgeni bila kumwingiza ndani. Mlango wenyewe, pamoja na miimo, kizingiti na mfaa wake wa katikati uliochongwa, ulimwambia mpita njia hadhi ya aliye ndani.

Sheria inasema nini

Fort Jesus iliacha kuwa gereza mwaka 1958, ikafunguliwa kuwa makavazi mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Kuhusu mji ulioizunguka, mpango wa hifadhi uliandaliwa mwaka 1990, na Mji wa Kale ukatangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi. Leo eneo hilo linalindwa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006.

Hii haimaanishi kwamba nyumba yako si yako, wala kwamba huruhusiwi kuitengeneza. Maana yake ni kwamba mabadiliko yanahitaji idhini kutoka pande mbili. Ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa huangalia kama kazi inalinda sura na mawe ya jengo. Serikali ya kaunti nayo, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ndiyo hutoa kibali cha ujenzi. Kibali kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kabla ya kuanza ukarabati, mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, apige picha za nyumba yote, ndani na nje, hasa milango, madirisha, roshani na boriti. Picha hizo humsaidia fundi, na humlinda mwenye nyumba endapo kutatokea mzozo baadaye.

Pili, afike katika ofisi ya hifadhi kabla ya kumlipa fundi. Ushauri unaopatikana mapema huokoa gharama ya kubomoa kazi ambayo imekwisha kufanywa.

Tatu, aanze na paa na mabomba. Ukuta hauwezi kukauka ikiwa maji yanaendelea kuuingia. Mabati yaliyotoboka, mfereji uliopasuka na karo inayovuja huharibu nyumba nyingi kuliko umri wake.

Nne, aweke saruji mbali na kuta za matumbawe. Plasta ya chokaa na mchanga, na rangi ya chokaa juu yake, huenda isiwe laini kama saruji lakini hudumu. Wapo bado mafundi mjini wanaoijua kazi hii, na vijana wanaotaka ufundi wenye soko wangefanya vyema kujifunza kwao.

Tano, asiuze mlango. Mlango uliochongwa ukiondolewa, nyumba hupoteza sehemu ya thamani yake, na fedha zake huisha kabla ya tundu kuzibwa. Kuondoa sehemu ya jengo lililolindwa bila idhini pia ni kosa kisheria.

Sita, familia zikae na kukubaliana. Nyumba nyingi zina warithi wengi, wengine wakiwa Nairobi, wengine Ghuba au Uingereza. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na nyumba inaanguka ikiwa na wenyewe kumi. Zile zilizo chini ya wakfu zina taratibu zake kupitia Tume ya Wakfu, na zinafaa kufuatwa kabla ya kuanza kazi yoyote.

Jirani anayeona ufa mpya ukutani, sakafu iliyolegea au roshani inayoning'inia juu ya njia ya watu asingoje. Ataarifu ofisi ya wadi au maofisa wa kaunti wa ujenzi mara moja. Ufa huanza kama uzi.

Yasiyojengwa kwa mawe

Nyumba inaweza kutengenezwa ikawa nzuri na bado mtaa ukafa, watu wakihama na vyumba vikabaki maghala na maduka ya vinyago. Mji wa Kale umedumu kwa sababu unakaliwa. Watoto wanakwenda madrasa. Alasiri kuna viazi karai na mabuyu mlangoni, na usiku wa Ramadhani vichochoro vinajaa kuliko mchana. Muuza kahawa bado anagonganisha vikombe vyake akipita, na wanaomsikia wanajua saa bila kutazama simu.

Walimu wa shule na madrasa wanaweza kuwapa wanafunzi kazi moja rahisi: kila mtoto amuulize mtu mzima zaidi nyumbani kwao maswali matatu, na aandike majibu kwenye daftari. Nyumba hii ilijengwa na nani? Mtaa huu uliitwaje zamani? Ni jambo gani lililokuwepo ulipokuwa mdogo ambalo sasa halipo? Kazi hiyo haihitaji bajeti wala kibali. Mwalimu Sikujua alianza vivyo hivyo, kwa kuwauliza watu.

Mkazi wa Kibokoni au Kuze anayeutazama ukuta wake msimu huu wa ukarabati ana mambo mawili ya kuokoa: jiwe na simulizi. Jiwe linahitaji chokaa. Simulizi linahitaji mtu wa kuliuliza wakati anayelijua angali hai.